Sensa Haikudanganya

Corolla 110 ile ilikuwa na tabia moja: Mbamba Bay inatembea, Mbinga inamisi. Asubuhi ya Juni, ukungu ungali umelalia mashamba ya kahawa, ilitoa moshi mweusi, ikanguruma kwa kukatakata, na kila ikipanda kilima ilishtuka kama inataka kuzima. Dereva wake, anayepandisha dagaa kutoka ziwani, alishabadilisha plagi mara mbili na alikuwa na hakika kwamba kosa ni petroli ya Mbinga. Lakini petroli iliyokuwa tangini aliijaza kule chini, na ndiyo iliyomtembeza ufukweni bila tatizo.

Fundi mwenzangu akasema ni hewa. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Mbinga iko mita 1,300 hivi, na katika kilomita sitini na ushei za lami presha ya hewa hupungua kwa karibu asilimia 10. Kabureta haijui hilo. Huendelea kumwaga mafuta yale yale kwenye hewa iliyopungua. Ila injini hii ya 5A ina nozeli, na sensa yake ya presha hupima hewa inayoingia kisha kontrol boksi inapunguza mafuta. Tulikagua mpira wa sensa hiyo, mzima. Mlima ukaachiwa huru.

Plagi zilikuwa nyeusi zote nne, masizi makavu. Ingekuwa moja tu, ningeshuku nozeli inayovuja au waya wa plagi. Zote nne maana yake chanzo ni cha pamoja. Mpira wa regyuleta ya mafuta haukuwa na harufu ya petroli, filta ya hewa safi. Tukaunganisha pini za TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi kwa kipande cha waya, na taa ya injini ikapepesa mfululizo bila kusita: hakuna kosa lililoandikwa.

Nikapima sensa ya joto, ile ya nyaya mbili inayozungumza na kontrol boksi, si ya waya mmoja inayoendesha geji. Injini imeunguruma nusu saa, mita inasoma ohmu 900. Kwa nyuzi 80 ilipaswa kusoma kati ya 200 na 400. Kwa hesabu ya boksi, injini ilikuwa bado kwenye nyuzi 50 hivi, kwa hiyo inaongezewa mafuta. Kodi ya sensa hii, namba 22, huandikwa waya ukikatika au ukigusana. Ohmu 900 ni jibu halali, halina cha kulalamikiwa.

Tukanunua sensa mpya. Ohmu 900.

Hapo niliona aibu, maana ile ya zamani nilipaswa kuitia kwanza kwenye sufuria ya maji ya moto. Nilipoitia, ilishuka hadi 200 na kidogo. Nzima kabisa. Nikashika mpira wa juu wa rejeta wakati injini inapashwa: ulipata uvuguvugu taratibu tangu mwanzo, badala ya kukaa baridi kisha kupata moto ghafla. Tulipofungua nyumba ya thamostati, ndani hamna kitu. Maji yalizunguka rejetani tangu ufunguo ulipogeuzwa, na kwa baridi ya huku Mbinga, Umatengoni, injini haikupata joto kamwe. Ufukweni, jua likiwa kali, ilikaribia kupata.

Na kumisi kwenyewe kulizidisha ugonjwa. Silinda isiyowaka hutoa oksijeni yake nzima kwenye eksozi. Sensa ya oksijeni huiona na kudhani mafuta ni machache. Boksi likianza kuisikiliza, linaongeza tena.

Dereva alikiri: mwaka uliopita gari ilichemka mlimani, fundi mmoja akaing'oa thamostati, na mshale wa joto ukalala chini. “Fundi, nilifurahi. Nilijua nimepona.” Kilichochemsha kilikuwa rejeta iliyoziba kiasi, na ilikuwa imeziba bado. Tuliizibua kwanza, ndipo tukafunga thamostati mpya ya nyuzi 82 na plagi safi.

Alipiga simu kesho yake akiwa njiani. Moshi umeisha, haimisi. Ila mshale umepanda hadi katikati na umegoma kushuka, je, asimame?