Fuvu la Alesi na uvivu wa tafsiri zetu

Juzi kwa kinyozi hapa Lucky Summer, kijana wa kidato cha tatu alinisomea kutoka kwenye simu yake habari ya Kiswahili kuhusu fuvu la Alesi. Mwandishi alisema tu kwamba fuvu lilipelekwa Ufaransa kupigwa eksirei. Kijana akashangaa: "Mwalimu, si hata hospitali za hapa wanapiga eksirei? Nauli yote hiyo ya nini?"

Swali hilo linatosha kuihukumu tafsiri ile. Neno lenyewe halina kosa. 'Eksirei' limekubalika, ingawa wapo wanaopendelea 'uyoka'. Tatizo ni kuliacha neno hilo peke yake lieleze kila kitu, ilhali kwetu kupigwa eksirei ni kupigwa picha ya mguu uliovunjika, basi.

Alesi ni mtoto wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka milioni 13 iliyopita. Fuvu lake, lenye ukubwa wa limau, liligunduliwa na John Ekusi mwaka 2014 huko Napudet, Turkana. Nani angethubutu kulipasua? Mjini Grenoble kuna sinkrotroni, pete yenye mzingo wa mita 844. Ndani yake elektroni huchapuliwa hadi zikaribie kasi ya mwanga, na sumaku zinapozipinda, hutoa eksirei kali mno. Eksirei hizo zilifichua meno ya ukubwani yaliyokuwa bado hayajaota. Watafiti walihesabu mistari ya ukuaji ndani ya meno hayo, wakajua Alesi alikufa akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minne hivi.

Tazama maneno niliyotumia: pete, mzingo, kuchapua, kupinda. Nimekopa machache tu. Basi asije mtu akasingizia umaskini wa Kiswahili!

Jambo hili si dogo. Afrika haina sinkrotroni hata moja, na wapo wanasayansi wanaopigania tujengewe. Raia atawaungaje mkono iwapo tumemwambia ni mashine ya picha?

Nilipomweleza hayo, kijana alicheka: "Kumbe umri wake ulikuwa umeandikwa kwenye meno!"

Naam. Hicho ndicho alichostahili kukipata kwenye ile habari, si kwangu kwa kinyozi.