Kondoo wa Idd na hesabu ya gunia la pumba

Idd el Hajj ikikaribia, wanunuzi wengi Unguja hutafuta mbuzi, au hushirikiana ng'ombe watu saba. Kondoo ni wachache kisiwani, lakini kwa mwenye kupiga hesabu ya gharama wana faida inayotokana na fiqhi yenyewe. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Zanzibar, mbuzi wa udhuhiya, yaani wa kuchinjwa Idd, lazima awe ametimiza miaka miwili, ilhali kondoo anatosha akitimiza mwaka mmoja, au hata kabla ya hapo akishang'oa meno ya mbele. Huo ni karibu mwaka mzima wa kulisha unaookolewa. Swali linalobaki ni nini cha kumpa ajaze nyama kabla ya sikukuu bila chakula kumeza faida yote.

Kwanza tuangalie kalenda. Mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2026 Idd el Hajj inaangukia mwishoni mwa Mei, na ikifika 2030 itakuwa katikati ya Aprili. Anayenenepesha kwa miezi mitatu anaanza mwisho wa joto la kaskazi, nyasi zimekauka, kisha anaingia masika kabla hajamaliza. Nyasi kavu zikiwa na protini chini ya asilimia 7, vijidudu vinavyosaga chakula katika tumbo kubwa la kondoo hupungua nguvu, na mnyama anakula kidogo hata kama majani yamejaa horini. Masika yakikolea mambo yanageuka: majani ni mabichi mno, sehemu kubwa ni maji, kondoo anashiba haraka na uzito hausogei. Vipindi vyote viwili vinadai chakula cha nyongeza, na cha kukaushwa kikaushwe Januari na Februari, maana Aprili hakuna jua la kuaminika.

Sasa bei. Mfugaji huzoea kuuliza gunia ni shilingi ngapi, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Tuseme, kwa mfano tu, pumba za mpunga ni shilingi 500 kwa kilo na mashudu ya nazi ni shilingi 1,000. Pumba zinaonekana nusu bei. Lakini pumba za kinu kidogo cha kijijini, kile kinachokoboa na kusugua kwa pamoja, hutoka zimechanganyika na makapi, na protini yake ni kama asilimia 6 au 7. Mashudu ya nazi yana kama asilimia 20. Ukigawa, kilo moja ya protini katika pumba hizo inakugharimu zaidi ya shilingi 7,000, na katika mashudu shilingi 5,000. Kilichoonekana ghali ndicho rahisi. Pumba safi, zilizotengwa na makapi, zina asilimia 12 hadi 14, na kwa bei ileile zingeyashinda mashudu. Basi kabla ya kubishana bei na mwenye kinu, iwe Cheju au Bumbwisudi, chota konzi moja. Zikichoma kiganja kama msasa, hayo ni makapi. Tia kidogo katika gilasi ya maji: makapi huelea juu, pumba zenyewe huzama. Kisha zinuse. Pumba zina mafuta yanayochacha upesi, na zikishatoa harufu kali ya mafuta ya zamani, kondoo atazisusa.

Wakaazi wa Mji Mkongwe na Ng'ambo wana chakula kingine kisichonunuliwa: machicha ya nazi, maganda ya ndizi, wali uliolala, boflo la jana. Machicha yanapendwa na kondoo lakini yanadanganya. Baada ya tui la pili protini iliyobaki ni ndogo, mafuta bado ni mengi, na mafuta yakizidi huzuia usagaji wa nyasi. Zaidi ya hayo, kwa joto letu huota ukungu kufikia kesho yake. Yape kiasi, siku ileile, au yaanike. Wali na boflo vina hatari ya aina yake: wanga mwingi kwa mkupuo hugeuka asidi tumboni, kondoo anavimba, anaharisha, analala chini na huenda asiamke. Chakula chochote kigeni kiingizwe kwa wiki mbili, konzi kwa konzi. Maganda ya muhogo nayo yaanikwe mpaka yakauke kabisa, hasa ya muhogo mchungu, kwa sababu ya sumu yake ya sianidi.

Lakini kwa maoni yangu protini rahisi kuliko zote iko uani. Girisidia, ule mti unaopandwa kwa vipande kama ua hai na kupandishia pilipili manga na vanila, ina majani yenye protini ya asilimia 20 na zaidi. Mizizi yake huenda chini, kwa hiyo ikikatwa mara kwa mara hubaki na majani kiangazi nyasi zikiwa zimekauka. Lukina ni nzuri vilevile, ingawa tangu wadudu wake waharibifu waingie Afrika Mashariki mwaka 1992 haitegemewi kama zamani, na isizidi theluthi moja ya mlo. Tatizo la girisidia ni harufu. Kondoo asiyeijua ataizunguka siku nzima. Ikate jioni, iache inyauke usiku kucha, changanya na pumba kidogo na chumvi. Akishaizoea ataidai mwenyewe.

Kondoo wa kilo 20 anahitaji kama gramu 800 za chakula kikavu kwa siku. Mpe kilo mbili na nusu hivi za majani ya kawaida, gramu 600 za girisidia mbichi na konzi kadhaa za mashudu, kama gramu 165. Protini ya mlo mzima inafika karibu asilimia 12 au 13, na pesa uliyotoa ni ya mashudu peke yake.

Mashudu yakikosekana, pumba safi zinaweza kuchukua nafasi, ila zisitawale mlo. Zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo, na kondoo dume, hasa aliyehasiwa, hupata mawe ya mkojo: anajikamua, yanatoka matone. Majani ya girisidia na lukina yana kalisi ya kutosha kusawazisha, na maji safi yasikatike. Chakula cha kuku usimpe hata ukipewa bure, kwani shaba iliyomo hujilimbikiza katika ini la kondoo mpaka imuue.

Akila haya yote na bado akakonda, usikimbilie kuongeza mashudu. Zamani ungewashuku mbung'o, wanaoeneza ugonjwa wa kukondesha mifugo, lakini Unguja walimalizwa miaka ya 1990, wa mwisho wa mwituni akinaswa Septemba 1996 baada ya kuachiwa madume tasa. Leo mtuhumiwa wa kwanza ni minyoo, hasa masika. Fungua kope. Zikiwa nyeupe badala ya nyekundu, kuna minyoo wanaonyonya damu, na dawa itarudisha uzito kuliko gunia lolote. Zingatia tu siku ambazo dawa hiyo inakataza kuchinja, zihesabiwe kurudi nyuma kutoka siku ya Idd.

Mpime kwa mizani ya kuning'iniza kila wiki mbili, asubuhi kabla hajala. Kondoo wetu wa kienyeji akiongeza gramu 50 hadi 80 kwa siku anafanya kazi nzuri. Ongezeko likishuka mfululizo huku mkia ukizidi kunona, mashudu yanageuka mafuta ambayo mnunuzi hatayalipia. Hapo mrudishe kwenye majani na girisidia, na mashudu yaliyobaki mpe anayefuata.