Pongezi kwa Mfunga Plasta

Sifa za tabibu apasuaye zimekwisha enea. Lakini ni nani amshukuruye yule mfunga plasta ambaye, kwa njia aliyoiasisi Daktari Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, huukamata mguu kifundo wa mtoto mchanga, yaani uliopinda tangu kuzaliwa, akaupapasa hata akaujua mfupa kwa mfupa, kisha akaunyosha kwa taratibu, kila juma plasta mpya, pasipo kuulazimisha? Baada ya plasta tano au sita, na aghalabu ukano wa kisigino kukatwa kidogo, wengi hudhani kazi imekwisha. La hasha. Viatu vilivyoungwa kwa upau huvaliwa saa 23 kwa siku muda wa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala tu hata miaka minne au zaidi; na mzazi akilegea, pengine hata asipolegea, mguu huurejea upogo wake. Hapo ndipo nimpapo fundi huyu taadhima yangu: mama amesimama mlangoni kwa haya, mtoto wa miaka mitatu aijuaye plasta analia kabla hajaguswa, naye fundi hamlaumu mtu, huagiza maji ya vuguvugu, akaanza upya, huku akimwuliza mtoto habari za paka wao.