Picha ya kaburi haisomwi kwa rangi pekee

WANAFUNZI wetu wa fasihi wana mazoea fulani: wakionyeshwa picha ya kaburi isiyo na rangi, wanakimbilia kusema ati nyeusi ni mauti na nyeupe ni uhai. Hebu tuipime kauli hiyo tukiwa hapa Obunga, Kisumu.

Kwanza, sanda ya Mwislamu ni nyeupe. Je, nayo ni uhai? Pili, Tom Mboya alipouawa Nairobi mnamo Julai 5, 1969, magazeti yetu yalichapisha picha za msiba huo kwa nyeusi na nyeupe kwa kuwa ndivyo yalivyochapisha karibu kila kitu, hata picha za mpira. Ishara ya maombolezo tuliibandika sisi baadaye.

Tatu, mhakiki sharti aulize kaburi liko wapi. Waluo wengi huzikwa nyumbani. Kesi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987, ilitufunza uzito wa jambo hilo. Kaburi la nyumbani huthibitisha kwamba marehemu ana kwao. Basi katika picha yake, uhai ni vile vinavyolizunguka: nyumba, mahindi, kuku, watoto wanaocheza. Mpiga picha akiubana msalaba peke yake kisha akaondoa rangi, wekundu wa udongo mbichi na ukijani wa mahindi hupotea. Huzuni ameipata, lakini nusu ya maana imemponyoka.

Hata hivyo, nyeusi na nyeupe ina nguvu yake: hukoleza kivuli. Katika Dholuo, neno 'tipo' ni kivuli na pia roho ya mtu. Kwa msomaji anayelijua, kivuli kilicholala juu ya kaburi chaweza kuwa dalili kwamba mwenyewe bado yupo.

Jambo hili lina uzito Obunga, mtaa wa wapangaji. Maiti husafirishwa mashambani; kinachosalia mjini ni picha ukutani. Hiyo ndiyo kaburi wanayoiamkia kila siku. Isitoshe, hapa ndipo mgongo wazi hukaangwa, ile mifupa ya mbuta inayobaki baada ya minofu kwenda viwandani. Kwingine mfupa ni mauti. Obunga ni chajio, tena ni karo ya mtoto.

Ishara, basi, isomwe mahali inapoishi.