Bwege ni Nani?

Mtaani ukimwita mtu bwege, jiandae kwa ugomvi. Darasani neno hilohilo ni istilahi ya heshima. "Tamthilia ya ubwege" ndilo jina tunalozipa kazi za aina ile ambayo Martin Esslin aliichambua katika kitabu chake cha mwaka 1961: mazungumzo yanazunguka palepale, wahusika hawajui wamefikaje hapo walipo, na tukio linalosubiriwa halitokei. Naandika tasnifu ya umahiri kuhusu tamthilia hizi, na kila ninapofika kwenye neno hili kalamu inasita.

Tatizo langu ni hili. Istilahi ya Ulaya, hasa tangu Albert Camus, inahusu uhusiano: binadamu anauliza, dunia inanyamaza, na kasoro iko katikati yao. Neno letu limeihamisha kasoro hiyo na kumtwisha mtu. Dunia haiwezi kuwa bwege. Bwege ni mtu. Kwa hiyo tukisema "mchezo wa ubwege" tumeshahukumu kabla pazia halijafunguliwa: wajinga ni wale wawili walioko jukwaani.

Safari ya mchezo mashuhuri kuliko yote wa aina hii inaipinga hukumu hiyo. Samuel Beckett aliandika habari za wanaume wawili wanaomngojea Godot kwa Kifaransa, ukaonyeshwa Paris Januari 1953, kisha yeye mwenyewe akautafsiri kwa Kiingereza. Miami, mwaka 1956, watazamaji waliokuwa wameahidiwa vichekesho walianza kuondoka kabla haujaisha. Mwaka uliofuata ulichezwa katika gereza la San Quentin, California, mbele ya wafungwa wapatao 1,400, nao walitulia hadi mwisho. Mwaka 1980, wakati wa ubaguzi wa rangi, John Kani na Winston Ntshona waliucheza Cape Town. Mwaka 1993 Susan Sontag aliuongoza Sarajevo, mji ukiwa umezingirwa, kwa mwanga wa mishumaa. Mfungwa hahitaji kuelezwa maana ya kungoja, wala hawezi kumwona anayengoja kuwa mjinga.

Katika Kiswahili, mchezo uliokuja kutajwa sana pamoja na ule wa Beckett si tafsiri. Ni Amezidi ya Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Zanzibar, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1995. Humo tunawakuta wawili, Ame na Zidi, katika ufukara wao, na kwa kawaida husomwa kama fumbo la nchi zetu zinazoishi kwa misaada. Ni rahisi kusema basi kwamba hawa ni watu wa Beckett waliovalishwa kanzu na kofia. Nadhani tukisema hivyo tunaukosa mchezo wenyewe, na ushahidi uko kwenye jalada.

Tazama majina. "Ame" ni viambishi vitupu: nafsi ya tatu na wakati timilifu, bila kitenzi. Amefanya nini? Hatuambiwi. "Zidi" ni kitenzi, tena kikisimama peke yake ni amri: endelea, ongeza. Hakuna kati yao anayekamilika bila mwenzake. Wakiungana wanazaa lalamiko ambalo kila mmoja wetu amewahi kulitoa kwenye daladala au ofisini: "Huyu amezidi!" Ila huyo ni nani? Kiambishi a- hakisemi. Anaweza kuwa mfadhili, mtawala, au mmoja wa hao wawili.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Kwa Beckett, asiyeonekana anangojewa. Kwa Said Ahmed Mohamed, asiyetajwa analaumiwa.

Tofauti hiyo naielewa vizuri zaidi nikiitazama kutoka Dodoma. Mkulima wa huku hupanda uwele ardhi ikiwa bado kavu, akingoja mvua ambayo msimu wake ni mmoja tu kwa mwaka. Ikikosekana, hakuna wa kumshtaki. Lakini mji huu umejua kungoja kwa namna nyingine pia. Uamuzi wa kuufanya makao makuu ulipitishwa mwaka 1973; kuhamia kwa serikali kukaja kushika kasi mwaka 2016. Kungoja huko kulikuwa na wenyewe, watu wenye majina na madaraka. Godot yuko upande wa mvua. Amezidi iko upande wa ofisi.

Ndiyo maana atakayeiongoza Amezidi jukwaani ana uamuzi mgumu. Akiwafanya Ame na Zidi kuwa vichekesho tu, watazamaji watawacheka mafukara na kurudi nyumbani wakiwa wameridhika, kwa sababu mabwege wamepatikana. Mwandishi hawatakasi wahusika wake. Utegemezi wao ni sehemu ya shutuma. Lakini shutuma yenye nafsi isiyotajwa haina budi kumfikia hata aliyekaa kwenye viti vya mbele.

Sina istilahi mbadala, na tasnifu haiwezi kungoja hadi ipatikane. Nitaendelea kuandika "ubwege", lakini katika kila mchezo nitauliza: ubwege wa nani?