Mhakiki wa Picha na Istilahi Zake
A. D. Coleman wa Marekani alianza kuhakiki picha katika gazeti la Village Voice, New York, mwaka 1968. Mwaka 1970 akaanza kuandikia New York Times. Tunalolithamini zaidi katika kazi yake ni istilahi. Mwaka 1976 alipambanua picha inayonasa tukio lililojitokea na ile ambayo mpigaji mwenyewe amelipanga tukio mbele ya kamera, akaupa mtindo huo wa pili jina mahususi. Kiswahili husema "kupiga picha" kwa zote mbili. Twapendekeza "picha ya kunasa" na "picha ya kupanga". Pasipo maneno hayo, mhakiki wetu atabaki na "nzuri" na "mbaya" tu, na msomaji atadhani igizo ni ushahidi.