Nozeli Hupimwa kwa Mpigo Mfupi

Hivi karibuni nimemwona fundi mmoja wa Ilala akipongezwa na watu wazima kwa kazi iliyostahili kufumuliwa siku hiyohiyo. Gari ilikuwa Toyota IST yenye injini ya 1NZ ambayo haijaguswa: pistoni za kiwandani, eksozi ya kiwandani, kompyuta ya kiwandani. Nozeli zake zilikuwa zimechoka, na fundi akazitoa akaweka za injini yenye tabo, eti gari ipate pumzi. Akapiga resi, gari ikanguruma, watu wakamshika mkono. Nyuma ya gari, kwenye bomba la eksozi, petroli mbichi ilikuwa inawasha macho, na hakuna aliyejisumbua kwenda kunusa.

Nozeli kubwa haiipi injini ya kiwandani nguvu yoyote. Nguvu inaletwa na hewa, na hewa ya injini hiyo ilishaamuliwa na kamshafti na vali zake. Kompyuta inapima hewa inayoingia, halafu inafungua nozeli kwa muda uliopangwa kwa nozeli ileile aliyoichagua mhandisi. Ukiweka inayomwaga zaidi, sensa ya oksijeni inalalamika, kompyuta inapunguza muda, inapunguza tena, na ikiishiwa nafasi ya kupunguza inawasha cheki injini na kuandika P0172. Kabla taa haijawaka petroli imeshaosha kuta za silinda, imeshashuka kwenye oili, na katalisti imeshaanza kuungua. Nozeli ndogo nayo inakuandikia P0171, na utaijua vizuri ukiwa na abiria na mizigo unapanda mlima Kitonga.

Ukubwa sahihi haujafichwa popote. Chukua farasi za injini, zidisha kwa 0.5, gawanya kwa idadi ya nozeli, kisha gawanya kwa 0.85, maana nozeli isiyopata nafasi ya kufunga kwenye resi ya juu hupata joto na kupoteza mpangilio. Jibu ni paundi kwa saa. Zidisha kwa 10.5 upate cc kwa dakika. 1NZ ya farasi 109 inatoa kama 168. Ukiwa mwoga ukatumia 0.8, unapata 179. Anayekuletea 440 kwa injini hiyo anakuletea kipimo cha 2JZ-GTE ya Japani, injini iliyotangazwa kuwa na farasi 280. Ila hesabu hii ni ya kuhakiki tu. Kwa gari isiyobadilishwa, kinachotangulia ni namba ya spea, na kwa Toyota nozeli huanza na 23250 au 23209. Tarakimu zinazofuata ndizo watu huzipuuza, na ndizo zenye maana.

Halafu kuna presha. Maboksi mawili yameandikwa 200. Moja limepimwa kwa baa 3, jingine kwa baa 4, na lile la pili aghalabu haliandiki hilo kwa herufi za kusomeka. Mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo 200 ya baa 4 ikirudishwa kwenye baa 3 ni 173. Boksi moja linafaa 1NZ bila ugomvi, jingine limezidi, na bei pengine ni ileile. Muuzaji akikutajia cc bila kutaja baa, hajakwambia kitu. Fundi naye asiye na geji ya presha ya mafuta simhesabu kuwa fundi wa nozeli, hata kama kabati lake limejaa mashine.

Ukinzani wa koili niupitie upesi: za kawaida ni omu 12 hadi 16, za kizamani na za mashindano ni 2 hadi 4. Ukichomeka hizi za pili kwenye kompyuta iliyozoea za kwanza, unaweza kuchoma kompyuta. Multimita ya bei ndogo inatosha kukuokoa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo asiyekuwa wa fani hulikosa kila mara. Gereji nyingi siku hizi zina ile mashine ya mirija ya kioo. Fundi anapanga nozeli nne juu, anabonyeza, zinamwaga wazi kwa sekunde 15, mirija inajaa, kimiminika kinasimama kwenye mstari mmoja. Mteja anapiga picha. Biashara imekwisha. Kipimo hicho kinaonyesha nozeli iliyokwisha kufunguka inatoa kiasi gani. Hakisemi lolote kuhusu inavyofunguka, na kwenye foleni ya Mwenge au Tazara injini inaishi kwa kufungua na kufunga.

Tazama hesabu yake. Gari ikiwa kwenye sailensi, tuseme kompyuta inatoa mpigo wa milisekunde 2.5. Umeme ukifika kwenye koili, sindano hainyanyuki papo hapo. Kuna muda unapotea sumaku ikikusanya nguvu na kuishinda springi. Nozeli ya kiwandani ikipoteza milisekunde 1, inabaki 1.5 ya kumwaga. Weka mgeni anayepoteza 0.7, atamwaga kwa 1.8. Hiyo ni asilimia 20 zaidi, kwenye sailensi, kwa nozeli ambayo mirija imeapa kuwa ni sawasawa. Panda mpaka mizunguko 6,000, ambako mzunguko mzima wa kazi ni milisekunde 20 na mpigo unaweza kufika 16. Pale mmoja anamwaga kwa 15, mwingine kwa 15.3. Tofauti ni asilimia 2, hakuna atakayeihisi. Ndiyo maana gari ya namna hii inakimbia vizuri barabara ya Bagamoyo, halafu kwenye mataa inatetemeka, inanuka, na asubuhi haitaki kuwaka. Mwenye gari anabadilisha plagi, anabadilisha koili, anasafisha throto, analaumu mafuta ya kituo. Nozeli haishukiwi, kwa sababu "tulishazipima".

Betri inazidisha tatizo. Volti zikishuka wakati wa kupiga stata, sindano huchelewa zaidi, na kompyuta imeandikiwa kiasi cha kuongeza ili kufidia ucheleweshaji wa nozeli yake. Ya mgeni haiijui. Na wageni wakiwa wanne wanaofanana, angalau kompyuta inaweza kusahihisha wote kwa pamoja. Akiwa mmoja kati ya wanne, sensa ya oksijeni inaona wastani tu: silinda moja inazama kwenye petroli, tatu zinaongezewa kiu ili hesabu ilingane. Kwa hiyo mimi sikubali nozeli moja kubadilishwa peke yake. Zinatoka nne, zinaingia nne, za ukoo mmoja.

Mzee mmoja aliyenifundisha kuangalia haya alianza kazi enzi za Peugeot 504 na Datsun 120Y, jeti za kabureta zikiwa zimegongwa namba na mtu akiheshimu namba hiyo. Vijana walipokuwa wakifurahia mirija iliyojaa, yeye alikuwa akimwaga yote, anarudisha mashine kwenye mpigo wa milisekunde 2.5, mizunguko ya chini, anahesabu mipigo 1,000, na anashusha volti mpaka 10 kurudia tena. Hapo mirija ilikuwa inaachana, mmoja juu, mmoja chini, mbele ya macho ya mteja. "Mwanangu, mwanzo ulipima bomba," alikuwa akisema, "sasa ndiyo unapima nozeli." Baada ya hapo alikuwa anaziacha na presha bila kuzipiga umeme, anakaa pembeni na saa yake. Vitabu vya Toyota vya injini kadhaa vinaruhusu tone moja tu kwa dakika 12. Yeye alikaa zote 12. Siku hizi fundi anaangalia kwa dakika moja, anasema kavu.

Alikuwa pia anaziandama nozeli zikishafungwa kwenye injini: ncha ya bisibisi ndefu kwenye nozeli, mpini sikioni, moja baada ya nyingine. Mlio mkavu na mfupi, nzuri. Mlio mzito unaoburuta, hiyo irudi mezani. Sijaona kifaa kilichoizidi bisibisi ile kwa kutafuta mgonjwa ndani ya gari.

Na matapeli wamejifunza. Wanachukua nozeli chakavu, wanaziosha kwenye mashine ya mawimbi ya sauti, wanaweka oringi mpya, kichujio kipya juu, kifuniko kipya chini, kisha zinaingia kwenye boksi linalong'aa. Usiangalie boksi. Geuza nozeli uangalie mahali soketi inapong'ata: klipu ikishapita miaka kadhaa huacha mkwaruzo kwenye plastiki, na mkwaruzo hauoshwi. Angalia chuma cha ncha. Chuma kilichokaa kwenye joto la injini hubaki na rangi ya kahawia hata kikisuguliwa. Angalia maandishi: ya kiwandani ni makali na yamenyooka, ya bandia yana kingo laini. Na plastiki yenye rangi ya kupendeza kupita kiasi mimi naikataa palepale.

Kwa pesa ileile, nitachukua nozeli za mtumba zilizotoka kwenye injini ya Japani yenye namba ileile, zioshwe na zipimwe kwa mpigo mfupi, kuliko mpya zisizo na ukoo. Mpya yenye jina la kweli na namba ya kweli ndiyo bora kuliko zote. Oringi ziwe mpya siku zote, zipakwe oili safi kidogo, zisilazimishwe. Oringi iliyojikunja inavujisha petroli juu ya injini ya moto, na hapo hatuzungumzii tena ulaji wa mafuta.

Wewe mwenye gari, kabla hujatoa hela, mwambie fundi akupimie kwa milisekunde 2.5 mbele yako, kwanza volti 14, kisha 10, halafu aziache na presha kwa dakika 12. Akikwambia mashine yake haina kipimo hicho au hana muda huo, chukua nozeli zako uende gereji nyingine.